Simu Siyo Tochi, na Tochi Siyo Namba ya Kwenye Boksi

Kwa wiki kadhaa sasa swali linalonifikia mara nyingi siyo la mbolea wala la mbegu. Ni hili: "Afisa, tochi gani ndogo ya kuchaji inafaa shambani?" Na kila likiulizwa mbele ya watu, hakosekani kijana wa kudakia: "Tochi ya nini, simu si ipo?" Leo nianze na huyu wa pili, maana wa kwanza tayari anajua anachokihitaji.

Maoni yangu ni haya. Kijana anayelima au kufuga kibiashara, na hana tochi ndogo ya kuchaji inayokaa mfukoni kila siku, bado hajakamilisha vifaa vyake vya kazi. Naihesabu pamoja na jembe, bomba la kupulizia dawa na mzani. Siyo taa ya akiba ya kukaa kabatini ikisubiri umeme ukatike. Na siku ukienda dukani kuinunua, usinunue mwanga mkubwa. Nunua betri ya kweli na mwanga mdogo. Najua linasikika kinyume, vumilia kidogo.

Sisi tuko karibu na ikweta, usiku wetu ni saa 12 hivi mwaka mzima. Jua likizama, ndani ya nusu saa ni giza. Na kilimo cha biashara hakifungi ofisi saa kumi na moja jioni. Zamu ya maji kwenye skimu inaweza kukuangukia saa saba usiku. Mboga za Mgeta na Lushoto zinazoingia sokoni Dar alfajiri zilipakiwa wakati wengine wamelala. Ng'ombe hachagui saa ya kuzaa. Nusu ya maisha ya shamba iko gizani, na bado naona vijana wana simu ya laki tano na drone wanaitamani, lakini usiku wanatembea kwenye tuta la mfereji wakimulika kwa kioo cha simu.

Sasa hiyo simu. Taa yake imetengenezwa kumulika mtu aliye hatua mbili mbele yako ili picha itoke. Simu nyingi hazizidi lumeni 50 hivi (lumeni ni kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa), na mwanga wenyewe unasambaa ovyo. Mita nne tano unaona, baada ya hapo unabahatisha. Lakini udhaifu wa mwanga siyo hoja yangu kubwa. Hoja yangu ni kwamba saa ya dharura simu ina kazi nyingine. Ng'ombe anazaa saa nane usiku, unaona mguu mmoja tu umetoka, unataka kumpigia daktari wa mifugo akuelekeze, na simu ndiyo hiyohiyo unayomulikia. Utazima taa uongee gizani? Au utaing'ata mdomoni huku imewekwa spika? (Kwa faida ya wafugaji wapya: mfuko wa maji ukishapasuka na masaa mawili yakapita ndama hajasogea, piga simu. Usisubiri kukuche.) Na simu iliyomulika usiku kucha inakufa alfajiri, saa ambayo dereva wa Fuso anakutafuta. Ikitumbukia mferejini ndiyo kabisa, umepoteza taa, pesa za kwenye laini, na namba za wateja kwa mpigo mmoja.

Halafu kuna nyoka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 5.4 hivi huumwa na nyoka kila mwaka duniani, na kati ya 81,000 na 138,000 hufa. Mwaka 2017 shirika hilo liliingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahaulika, na wanaoumia zaidi ni watu kama sisi: wakulima, wachungaji, watoto wa vijijini. Mfikirie kifutu. Huyu siyo nyoka wa kukimbia akisikia vishindo. Analala kimya njiani, rangi yake kama majani makavu, anategemea usimwone, na anauma ukimkanyaga. Dhidi ya nyoka wa aina hiyo una vitu viwili tu vya maana: gambuti mguuni na mwanga chini, hatua mbili tatu mbele yako. Siyo mwanga wa kufika mlimani. Mwanga wa chini, wa kila hatua, uliokuwa umewashwa kabla hujakanyaga.

Mtu akiumwa, usichanje, usinyonye, usimfunge kamba. Mtulize, mvue pete na viatu kabla mguu haujavimba, mguu usichezeshwe, akimbizwe hospitali. Na msimfuate nyoka gizani eti mkamwonyeshe daktari. Mtaongeza mgonjwa wa pili.

Nije kwenye pesa, maana najua wengi wenu ndiko mnakosikiliza vizuri.

Mauzo mengi ya shambani yanaisha usiku. Mnunuzi anafika amechelewa, wakati mwingine kwa bahati mbaya, wakati mwingine kwa makusudi kabisa. Vijana wa kubeba wamechoka, dereva anapiga honi, mzani umewekwa kwenye ardhi isiyo sawa na turubai limegusa sahani yake. Anayemulika ni nani? Dalali. Anamulika namba sekunde moja, anataja kilo, anahamisha mwanga kwenye gunia linalofuata. Sisemi madalali wote ni wezi, wapo ninaowaheshimu sana. Nasema mwenye tochi ndiye anayeamua wewe uone nini na kwa muda gani. Hiyo kazi isifanywe na mtu anayekulipa.

Hebu tupige hesabu. Tuseme una magunia 200 ya mahindi, na kila gunia limesomwa pungufu kwa kilo 2 tu. Hizo ni kilo 400. Bei ikiwa shilingi 700 kwa kilo, umeacha shilingi 280,000 shambani kwa usiku mmoja. Tochi ya elfu 40 ungenunua saba. Na hapo sijagusa lumbesa, ile ya kujaza gunia mpaka linavaa kofia, ambayo inakatazwa na Wakala wa Vipimo wanaisema kila msimu. Kofia ya gunia gizani inaonekana fupi, ajabu kweli.

Kwa hiyo ukiwa na tochi yako: kabla ya gunia la kwanza, mulika namba za mzani zisome sifuri, kisha inama umulike chini ya mzani uone hakuna jiwe, turubai wala kidole cha mguu kinachogusa. Mulika namba mpaka zitulie, taja kilo kwa sauti, andika. Gunia la pili hivyohivyo. Watanuna. Waache wanune.

Sasa tununue. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo vijana wanapigwa.

Ukiingia kwenye maduka ya vifaa, au ukifungua simu uone matangazo, utakutana na tochi ya urefu wa kidole imeandikwa lumeni 10,000, nyingine 100,000, betri mAh 9,900, inamulika kilomita mbili. Hizo namba unaweza kuzikagua mwenyewe bila maabara, kwa hesabu ya darasa la saba.

Tochi nyingi za mfukoni zinatumia betri ya lithiamu inayoitwa 18650. Jina ni vipimo vyake: upana milimita 18, urefu milimita 65. Betri nzuri kabisa ya saizi hiyo, kutoka viwanda vinavyoheshimika, kwa kawaida ina mAh 3,500 hivi. Kwa hiyo inayodai 9,900 ni uongo, hakuna mjadala. Kuna ndugu yake mkubwa, 21700, yeye kwa kawaida ana 5,000 hivi. Ukitaka kuhakiki, ipime uzito. 18650 ya kweli ina gramu 45 hadi 48. Nyingi za uongo ni nyepesi sana, na ukikutana na moja ya gramu 30 irudishe kwa mwenyewe. Mzani mdogo wa kupimia mbegu za mboga unatosha kwa kazi hiyo, na wengi wenu mnao.

Tuendelee na hesabu. Betri ya mAh 3,000 yenye volti 3.6 ina nishati ya kama wati 11 kwa saa moja. Taa nzuri ya LED ndani ya tochi ndogo inatoa, kwa makadirio mazuri, lumeni 100 kwa kila wati moja. Maana yake ukiwasha lumeni 100 unakaa kama saa 10, yaani usiku wote wa zamu ya maji. Ukiwasha lumeni 1,000 unakula wati 10, betri inaisha ndani ya saa moja. Na lumeni 10,000 zingetaka wati 100 ndani ya kitu cha ukubwa wa kidole gumba. Betri moja ndogo haiwezi kuzisukuma, na hata ingeweza usingekishika kitu hicho kwa joto. Taa moja ya gari ya halojeni ya kawaida inatoa kama lumeni 1,000 hadi 1,500. Sasa mtu anakwambia kidude chake cha elfu 15 ni taa saba za gari, na wewe unatoa pesa?

Hata tochi za kweli zina kaujanja kao. Ule mwanga wa juu kabisa, wenyewe wanauita turbo, unadumu dakika chache tu, kisha tochi inajishusha yenyewe kwa sababu ya joto. Siyo ubovu, ni kujilinda. Lakini ina maana namba kubwa uliyolipia utaitumia dakika mbili tatu kwa wakati. Kuna kipimo cha Marekani kinaitwa FL 1 ambacho watengenezaji waaminifu wanakifuata, na vizuri ujue kinasema nini. Umbali unaoandikwa, tuseme mita 200, ni pale mwanga unapokuwa umefifia mpaka kufanana na mbalamwezi angavu. Kwa hiyo usitegemee kumtambua mtu huko. Gawanya kwa mbili, au zaidi. Na muda wa kukaa unapimwa mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ulivyoanza. "Inakaa saa nane" inaweza kuwa nusu saa ya mwanga na saa saba na nusu za kibatari.

Jambo lingine: jicho letu halihesabu kama kikokotoo. Lumeni 1,000 hazionekani mara mbili ya 500. Ili jicho lihisi mwanga umeongezeka mara mbili unahitaji kama mara nne. Ndiyo maana tofauti ya tochi ya lumeni 800 na ya 1,200, ambayo muuzaji anaipigia debe, ukiwa shambani huioni.

Nisieleweke kwamba nazidharau hizi tochi. Kinyume chake. LED ya bluu, ambayo ndiyo iliyowezesha mwanga mweupe tunaoutumia leo, iliwapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Betri ya lithiamu ikawapa Goodenough, Whittingham na Yoshino ya kemia mwaka 2019. Kijana wa Mbarali anatembea na tuzo mbili za Nobeli mfukoni. Inauma tu kuona kazi nzuri namna hiyo inauzwa kwa uongo wa boksi.

Sasa ule mwanga mdogo niliousema. Swali langu la kwanza kwa muuzaji huwa siyo "mwisho inafika wapi" bali "chini kabisa inashuka mpaka wapi, na je, inaanzia chini?" Nyingi za bei rahisi zina kuwaka sana, kuwaka kidogo, na kuwayawaya, na kila ukibonyeza inaanza na ile kali. Kwa mfugaji wa kuku hiyo ni hasara. Ingia kwenye banda la kuku 1,000 saa tano usiku, wamelala, kisha uwapige na mwanga mkali wa ghafla. Wanaruka, wanakimbilia kona moja, wanalaliana. Wa chini wanakosa hewa. Asubuhi unaokota mizoga na kusema ni ugonjwa. Kuku haoni vizuri kwenye mwanga hafifu, na hiyo ni faida yako: ukitaka kukamata broila wa kupeleka sokoni au kukagua nani anakoroma kwa mafua, mulika kidogo, chini, taratibu. Wanabaki wametulia.

Na hata wewe mwenyewe. Macho yanahitaji kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri. Ukiwasha turbo kuangalia saa, umeyarudisha mwanzo, na ukizima huoni kitu. Mwanga wa lumeni 10 hadi 50 unakutosha kutembea, kusoma mita ya pampu, kufunga koki. Mkali unaubakiza kwa kitu cha mbali: nani yupo kule kwenye matanki, au ni nini kinavunja mahindi.

Kwa wale wa Kilombero na pembezoni mwa hifadhi nitasema neno moja. Vipo vijiji ambako vikundi vya wanakijiji hufukuza tembo kwa hatua, wakianza na tochi kali, kisha honi, kisha pilipili na fataki. Angalia neno "vikundi". Tochi ya mfukoni ya mtu mmoja siyo silaha. Kiboko aliyetoka majini usiku hatajali lumeni zako.

Kuna jambo la rangi ambalo wauzaji wengi hawaligusi. Taa za bei ya chini zina weupe wa kibluu, na chini ya mwanga huo nyekundu inafifia. Ukichambua nyanya usiku, iliyoiva na iliyo nusu zinakaribiana, na asubuhi mteja anafungua tenga anakuta mchanganyiko. Mbaya zaidi ni kwa mifugo. Unamfunua mbuzi kope uone kama utando wa ndani umepauka kwa minyoo, au ng'ombe kama una umanjano, na tochi yenyewe inakudanganya. Kwenye maelezo ya tochi tafuta namba ya CRI, ambayo ni uaminifu wa rangi. Nzuri ni 90 kwenda juu. Za kawaida ziko 70 hivi, na mara nyingi hawaandiki. Hizi za CRI kubwa zina lumeni chache kidogo kwa betri ileile. Mimi ningechagua rangi kuliko ukali bila kufikiri mara mbili. Hata hivyo, kope ya mbuzi iangalie tena kukikucha, mwanga wa jua haujapata mpinzani.

Betri za lithiamu si za kuogopa ila siyo za kuchezea. Nimeona vijana wanaweka betri ya akiba mfuko mmoja na funguo na sarafu. Chuma kikiunganisha ncha zake mbili, betri inapata moto pale pale pajani. Weka kwenye kikopo cha plastiki. Usichajie tochi juu ya godoro wala kwenye stoo yenye nyasi kavu na magunia. Weka juu ya saruji au kigae, mahali unapoiona. Usiiache mchana kutwa kwenye dashibodi ya gari wala juu ya bati. Iliyovimba au kuchubuka ganda, iache, na usiitupe kwenye moto wala shimo la choo. Ulizia wanaokusanya taka za elektroniki mjini. Na ndugu zangu wa Makete mnaoamka na barafu kwenye majani Juni na Julai, msichajie betri iliyolala nje kwenye baridi ya kugandisha. Iingizeni ndani ipate joto kwanza.

Kuhusu chaji yenyewe, chukua yenye tundu la Type-C ili utumie waya mmoja na simu. Lakini ijaribu hapo hapo dukani. Kuna tochi za bei rahisi ambazo zinakubali waya wenye kichwa cha zamani cha USB upande wa pili, ila ukiweka waya wenye Type-C pande zote mbili hazichaji. Mtu anarudi kijijini anafikiri kauziwa mbovu. Kwa chaja ya kawaida ya wati 5, betri ya 3,000 inajaa kwa saa tatu hivi, kwa hiyo hata paneli ndogo ya sola inaimudu kwa mchana mmoja. Kama unanunua ya kuweka akiba kwa dharura, iache na chaji ya nusu hivi na uiangalie kila baada ya miezi miwili mitatu. Na hakikisha betri inatoka. Tochi iliyozibwa kiwandani ni ya kutupwa siku betri inapochoka.

Maji: IPX4 inastahimili mvua. IPX7 inaweza kuzama mita moja kwa nusu saa. Mtu wa mifereji achukue IPX7 au 8, na kifuniko cha mpira cha tundu la chaji kifungwe kweli. Halafu chagua yenye namna ya kufungwa swichi, au zungusha kifuniko cha nyuma nusu mzunguko kabla ya kuiweka mfukoni. Tochi kali ikijiwasha ndani ya suruali inaunguza kitambaa, na aliyevaa pia.

Kazi ndogondogo ziko nyingi. Mwenye mashine ya kutotolesha, siku ya 7 zima taa za chumba, weka yai juu ya mdomo wa tochi kwenye mwanga wa wastani: lenye uhai lina mishipa kama mizizi, lisilo na mbegu linang'aa tupu. Lisilo na mbegu litoe. Rudia siku ya 18. Fanya haraka, usiliache yai juu ya taa lipate joto. Mwenye miche ya kabichi inayokatwa shingo usiku, toka saa mbili usiku na tochi uwaone sota wakiwa kazini kabla hujanunua dawa ya kubahatisha.

Sasa kuna hizi tochi zenye taa ya pili ya zambarau, na nimeshasikia zikiuzwa sokoni kwa maneno kwamba zinaonyesha sumukuvu kwenye mahindi. Hapa naomba mnisikilize. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara, siyo jambo la kubangaiza. Ni kweli kwamba mahindi yaliyoshambuliwa na aina ile ya kuvu yanaweza kutoa mng'ao wa kijani kuelekea manjano chini ya mwanga huo. Ila kinachong'aa si sumu yenyewe, ni kitu kingine kinachotengenezwa na kuvu huyohuyo. Mahindi yanaweza kung'aa na sumu ikawa kidogo, na yanaweza yasing'ae yakawa yamejaa sumu. Ongeza kwamba nyingi za bei rahisi zina mwanga wa zambarau usio wa aina inayotakiwa. Kwa hiyo mng'ao ukiuona, tenga mzigo upeleke sampuli ikapimwe. Usipouona, hujajua chochote. Anayekwambia "nimemulika, yako safi" usimnunulie mahindi. Taa hiyo inafaa kwa mambo mawili: mkojo wa panya uliokauka kwenye stoo, na nge, ambaye anawaka kijani utadhani amepakwa rangi. Wanaolala kambini wakati wa mavuno wataipenda.

Mwisho wameniuliza kama ya kichwani si bora zaidi. Kwa kukamua na kuzalisha, ndiyo, mikono miwili inakuwa huru. Kama una pesa ya moja tu, chukua ndogo ya mfukoni yenye klipu inayoweza kubanwa kwenye kofia na sumaku nyuma ya kunasa kwenye bodi ya pawatila. Inafanya kazi zote mbili, siyo kwa ustadi uleule ila inatosha. Na wenye pampu za petroli, mafuta jazeni mchana. Tochi nzuri isikupe ujasiri wa kumimina petroli saa sita usiku kwenye injini ambayo bado ina moto.